Mfereji Hunywa Kwanza

Palikuwa na mtu mmoja, wapendwa, ambaye majogoo wa kijiji chao walikuwa wakisubiri yeye akohoe ndipo wawike. Msicheke, ndivyo watu walivyokuwa wakisema. Jina lake sitawapa, maana nikilitaja tu, kwaya ya akina mama hapo wataanza kugeuka kutafuta ni nani, na mfano wangu utaharibika. Kijijini walimwita Bwana Alfajiri, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa nalo.

Kijiji chao kilikuwa mlimani kama hapa kwetu, mashamba yameshikilia mteremko. Juu kabisa palikuwa na ndiva. Wageni mliotoka mjini, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe walilotuachia mababu. Maji ya kijito huingia humo usiku kucha, na asubuhi, jua likigusa jiwe fulani, msimamizi anazibua kizibo. Maji yanateremka kwenye mfereji mmoja, yanapita shamba baada ya shamba mpaka bondeni. Kila mtu ana siku yake. Siku yako ikifika wenzako wote wanaziba milango yao, maji yanapita kwao bila kuguswa, unayageuzia shambani kwako mpaka ndiva iishe maji. Hiyo ndiyo zamu. Na mtu asiye na zamu, kiangazi kikiingia, hana shamba. Ana uwanja.

Shamba la Bwana Alfajiri lilikuwa la kwanza kabisa chini ya ndiva. Sasa naomba hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu najua wapo watu ambao wakisikia mtu ana mali ndani ya mahubiri, tayari wanajua kwamba huyo mwishoni atachomwa moto. Huyu hakuwa mwizi. Hakuwa mlevi. Alipalilia mara tatu ambapo wenzake walipalilia mara moja. Samadi alibeba kwa kichwa chake mwenyewe hata baada ya kuwa na uwezo wa kumlipa mtu. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati la rangi, na kila bati lilitoka kwenye jasho lake. Nani atanibishia kwamba ajizi ni nyumba ya njaa? Hakuna, na yeye alikuwa mfano wa methali hiyo, kijiji kizima kikimwonyesha kwa watoto.

Tena alikuwa na jambo moja ambalo lilimpa sifa zaidi. Kila siku, kabla jua halijagusa lile jiwe, ndiva hujaa na kufurika. Si maji mengi. Yanaruka ukingo kidogo kidogo na kuteremka mferejini yenyewe, watu wakiwa bado wamejifunika. Maji hayo hayakuwa na zamu, hayakuwa ya mtu yeyote. Bwana Alfajiri kuyaona yanakwenda hivyo, yanalowesha majani na udongo bure, moyo ulimuuma. Akachukua jembe, akachimba kijitaro kutoka ukingo wa ndiva mpaka shambani kwake. Hakujificha. Mwenyekiti wa mfereji alikisifia hicho kijitaro kwenye mkutano, akasema kijiji kingekuwa na watu watano wa namna hii, pasingekuwa na nyumba ya nyasi hata moja. Watu wakapiga makofi. Mngekuwepo na ninyi mngepiga, na mimi ningepiga.

Chini kabisa, mwendo wa nusu saa kwa mguu, mwisho wa mfereji, palikuwa na shamba la Mama Namsifu. Huyu alifiwa na mumewe mwaka uleule ambao kijitaro kilichimbwa, akaachiwa watoto watatu. Na tangu mwaka huo shamba lake likagoma. Mahindi yanaota, yanafika magotini, yanasimama hapo, majani yanajikunja, basi. Wenye huruma walisema ni kwa sababu ni mjane. Wasio na huruma walisema ni mvivu, alikuwa amezoea kubebwa na marehemu. Lakini wote walikubaliana kwamba kosa liko nyumbani kwake, na hakuna aliyefikiri pengine.

Wale watu walikuwa na sheria yao. Asiyevuna misimu mitatu mfululizo ananyang'anywa zamu, apewe mwingine, ili maji yasiende kwa mtu asiyeyatumia. Sheria nzuri tu, ukiisikia. Sasa misimu mitatu ikatimia, mkutano ukaitwa pale kwenye ndiva, na Mama Namsifu akasimama katikati ya watu. Hakujitetea. Aliomba msimu mmoja tu wa nyongeza, akasema zamu ikiondoka itabidi awatoe watoto shule wakapalilie kwa watu. Mwenyekiti alitazama chini. Alikuwa na moyo, lakini sheria ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake.

Ndipo Bwana Alfajiri akasimama. Na mjue kwamba alisimama kwa nia njema, alitaka kumsaidia mama wa watu aone mahali anapokosea.

"Nipeni shamba lake msimu mmoja," akasema, "na yeye achukue langu la juu. Nikivuna, tutajua udongo hauna kosa, kosa ni la mkono, na zamu aiachie. Nisipovuna, nitafunga mdomo wangu mpaka kaburini."

Watu wakacheka kwa furaha, maana walijua nani atavuna. Mama Namsifu akakubali. Angefanya nini?

Basi Bwana Alfajiri akateremka bondeni na jembe lake, kifua mbele. Wiki ya kwanza aligeuza udongo mpaka ukawa unga. Wiki ya pili akateremsha samadi. Akapanda kwa kamba, mstari umenyooka hata mwalimu wa hesabu angeridhika. Wapita njia walisimama kuangalia, wakatikisa vichwa, wakasema unaona sasa, unaona mtu anayejua kulima?

Mvua zikaotesha mahindi, zikakatika, na zamu ya kwanza ya kiangazi ikafika. Alikuwepo mlangoni pa shamba tangu asubuhi, amejiegemeza kwenye jembe. Saa nne, hakuna maji. Saa sita, hakuna. Saa nane ukaja ulimi mwembamba wa tope, unajivuta, ukafika ukingoni mwa shamba lake, ukakaa hapo. Aliuangalia. Aliusubiri uendelee. Ule ulimi ukanywewa na udongo mbele ya macho yake, na zamu yake ikawa imekwisha.

Akajua ameibiwa. Nani asingejua? Akapanda juu kwa hasira, shamba kwa shamba, akigonga mlango wa maji wa kila jirani. Kila mmoja alimwonyesha. Huyu ameziba kwa mgomba na udongo, yule ameziba kwa jiwe na gunia, hakuna mahali palipolowa. Hakuna mtu aliyegusa hata tone. Mmoja akamwuliza kwa upole kama labda hajui kufungua maji, na hilo lilimchoma kuliko wizi wenyewe.

Alipofika juu, mguu ukampeleka shambani kwake. Ilikuwa alasiri. Mama Namsifu alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage, na nyuma yake mahindi yamesimama kiunoni, kijani kibichi, yanameremeta.

"Shemeji," Bwana Alfajiri akasema, "umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu."

"Unaamka saa ngapi?"

Mama Namsifu aliona aibu kidogo, akasema huwa anafika shambani watoto wakishakwenda shule. Akasema hata yeye haelewi, anafanya yaleyale aliyokuwa akiyafanya bondeni, wala hazidishi kitu, na mahindi yanaota kama yanafukuzwa. Akamwuliza shemeji yake kama shamba hili liliombewa. Wakatazamana, wawili hao, kila mmoja akidhani mwenzake anajua kitu na amekificha.

Bwana Alfajiri akarudi nyumbani. Niwaambie ukweli, alifikiria uchawi. Mzee wa kanisa, anashika kitabu cha nyimbo kila Jumapili, na alifikiria uchawi. Mtu akishakosa maelezo huanza kuokota yoyote yanayopita njiani. Maana kama mahindi yanamwotea asiyeamka, na yanamkaukia anayeamka, basi miaka yote hii yeye alikuwa akiamka kwa ajili gani? Alijiuliza hivyo, akaogopa jibu, akaliacha.

Zamu ya pili ilikuja kama ya kwanza. Na baada ya hapo likatokea jambo ambalo mkewe alilishangaa sana. Siku moja majogoo waliwika wenyewe. Bwana Alfajiri alikuwa macho, amelala chali, anaangalia bati lake. Viungo vilikuwa vizito. Akajiambia, niende mapema kufanya nini? Kuangalia majani yakijikunja? Akajigeuza upande wa pili. Alipoteremka bondeni jua lilikuwa limeshapanda, na wanawake wawili waliokuwa wanatoka kuchota maji walimwona, wakamwamkia vizuri sana, na walipompita akamsikia mmoja anamwambia mwenzake kumbe naye.

Kumbe naye! Kumbe naye nini? Siku moja tu amechelewa! Alitaka kuwageukia awaambie wao hawamjui, wamwulize mtu yeyote. Akaendelea kutembea. Maana alikumbuka kwamba neno hilohilo alikuwa akilisema yeye, miaka mitatu, akipita kwenye shamba hili hili, na mama wa watu ameinama humu ndani na jembe, anasikia.

Hapo nataka tukae kidogo. Sisi huwa tunasema, fulani ni maskini kwa sababu ni mvivu. Je, tumewahi kuuliza kama ni mvivu kwa sababu jembe lake limeshamdanganya mara nyingi? Sijasema ndivyo ilivyo kwa wote. Wapo wavivu halisi, wengine mimi mwenyewe nimewakuta wamelala saa tano, na si wagonjwa. Nauliza tu kama tumewahi kuuliza.

Tuendelee. Zamu ya tatu ilipofika, Bwana Alfajiri aliamua kutokwenda shambani. Alikwenda kwenye ndiva. Msimamizi akazibua kizibo, maji yakatoka kwa nguvu, mengi, yanavuma. Bwana Alfajiri akatembea pembeni ya mfereji, sambamba na yale maji ya mbele kabisa, asiyaache hata hatua. Alisema kichwani, leo namkamata.

Hatua mia moja, maji bado mengi. Hatua mia tatu, yamepungua. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna panya aliyetoboa ukingo. Akaendelea. Kufikia nusu ya njia maji yalikuwa yanatembea polepole kuliko mtoto anayetumwa dukani. Hakuna aliyeyagusa! Alikuwa hapohapo, macho hayakutoka, na maji yanakwisha. Watu wazima wenzangu, mtu anaweza kuibiwa akiwa amemshika mwizi mkono?

Akapiga magoti. Akainama mpaka sikio likakaribia chini, na ndipo akausikia udongo. Ulikuwa unanyonya. Kile kitanda cha mfereji, kimekauka mpaka kimepasuka, kila ufa mdomo, unameza maji taratibu kwa mlio mdogo. Alibaki hapo ameinama, suruali imejaa tope, na mtu aliyepita alidhani anaomba.

Aliinuka akapanda tena kwa Mama Namsifu. Safari hii hakuuliza ameweka nini. Alimwuliza zamani, kabla ya marehemu kufariki, maji yalikuwa yanafikaje kule bondeni.

"Yalikuwa yanafika tu, shemeji," mama akasema. "Marehemu mama mkwe alikuwa akisema mfereji hunywa kwanza, ndipo mwenye shamba anywe. Asubuhi tukitoka tulikuta mfereji umeshalowa mpaka kwetu, hata kizibo hakijazibuliwa. Siku hizi tunaukuta mkavu. Mimi nikadhani ni kiangazi kimekuwa kikali."

Bwana Alfajiri alikuwa amesimama akitazama juu ya bega la yule mama. Pale nyuma, kutoka ukingo wa ndiva, kijitaro chake kilikuwa kinateremka kimenyooka vizuri, kimelowa, kimeota majani laini pembeni. Kimekuwa kikimwagilia shamba lake hata siku ambazo yeye hayupo na aliyepo amelala. Kumbe miezi yote hii aliyekuwa anaamka alfajiri ni kijitaro.

Sasa mnaanza kunielewa? Yale maji ya kufurika, yaliyokuwa hayana mwenyewe, yalikuwa na kazi. Yalikuwa yanaunywesha mfereji kabla ya safari, ili maji ya zamu yakiteremka yakute njia imeshashiba, yapite juu yake mpaka kwa mtu wa mwisho. Mababu walijua, wakayaacha. Sisi tukaja, tukaona yanaachwa, tukadhani yamesahauliwa. Alichokichukua Bwana Alfajiri hakikuwa zamu ya mtu. Ilikuwa njia ya zamu za watu wote.

Kesho yake akaamka kama zamani. Akashika jembe, akakifukia kile kijitaro, akashindilia udongo kwa miguu, asimwambie mtu, hata mkewe. Alijiambia atasema, ila si leo. Na mahindi ya bondeni, ambayo yalikuwa yamejikunja lakini hayajafa, yalipopata zamu mbili za maji kamili yakafunguka. Yale ya juu aliyokuwa nayo Mama Namsifu yakabaki na zamu yake ya kawaida, na hayakufa. Ilitosha. Hilo nalo lilimshangaza sana Bwana Alfajiri, kwamba kumbe zamu peke yake siku zote ilikuwa inamtosha.

Akavuna magunia manne bondeni. Kwa shamba lile, manne ni muujiza.

Mkutano ukaitwa. Watu walikuja mapema, wengine wamevaa vizuri, kwa maana walikuwa wanakuja kumsikia mtu wao ameshinda. Mwenyekiti akasimama, akasema ndugu zangu, mmeona kwa macho, mkono umeshinda, udongo hauna kosa. Akasema inamuuma lakini sheria ni sheria, na kwamba kuanzia msimu ujao zamu ya Mama Namsifu itapewa mtu mwingine. Makofi yakapigwa.

Mama Namsifu akasimama, mikono ameikunja ndani ya khanga. Akasema amekubali, mkutano umetenda haki, na hana kinyongo na mtu. Ombi lake ni moja tu, yule atakayepewa zamu, akihitaji mtu wa kupalilia, amkumbuke yeye.

Bwana Alfajiri alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kukaa vilevile alivyokaa. Hakuna aliyejua. Angenyamaza, angebaki na jina lake, na heshima yake, na methali zote zingebaki upande wake. Naomba kila mmoja ajibu moyoni, na asimtazame jirani. Wewe ungesema?

Alisimama. Alisema alichokiona, kuanzia ule ulimi wa tope mpaka mlio wa udongo mpaka kijitaro. Alisema hakuvuna siku alipolima, alivuna siku alipofukia. Mnadhani walimshangilia? Mwenyekiti alimwambia akae, amechoka, jua ni kali. Mwingine akasema maji yale hayakuwa ya mtu, kwa hiyo hakuna kosa, na pasipo kosa hakuna kesi. Na wapo waliotazama chini, maana nao, kwenye vijito vingine vya mlima ule, kila mmoja alikuwa na kijitaro chake kidogo cha maji yasiyo na mwenyewe. Ukimkubalia huyu mmoja, si itabidi watu wote wachukue majembe?

Lakini Mama Namsifu alikuwa bado amesimama. Alikuwa anamtazama shemeji yake kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza.

"Si wewe, shemeji."

"Miaka mitatu," mama akasema, "nimewaambia wanangu, msije mkawa kama mama yenu, mama yenu hajui kulima."

Hakulia. Hakumshukuru Bwana Alfajiri, wala hakumlaumu. Aliokota jembe lake, akashika njia ya bondeni, na hapakuwa na mtu aliyeweza kumwambia mkutano haujafungwa. Baada ya muda mwenyekiti akachana ile karatasi ya sheria. Zamu haikuondolewa. Jumamosi iliyofuata walipiga baragumu, wakatoka wote na majembe, wakapita wakifukia vijitaro vyao.

Hapo mfano umekwisha, na mimi niwakirie kitu. Nimekaa nao wiki nzima na bado unanichanganya. Nilitaka mwizi, sikumpata. Ningepata mwizi ningewahubiria dakika tano, tukamlaani, tukaenda nyumbani kula. Hapa kuna mtu mwenye bidii, aliyeamka mapema, akatumia kilichokuwa kinamwagika, na mtoto wa mwenzake akalala njaa nusu saa kutoka pale. Niseme asiamke? Hapana. Amkeni, jamani, kesho amkeni, mvivu asitoke hapa akisema mchungaji amemtetea. Lakini niseme bidii yake ndiyo iliyomlisha? Hata hilo nashindwa, maana nimeona mahindi yakiota mtu akiwa kitandani.

Basi niwaulize ninyi, labda mtanisaidia. Mwalimu wetu anawafundisha twisheni wale wanaolipiwa, kabla ya kengele, na akiingia darasani sauti imekwisha na chaki imekwisha. Wewe mzazi uliyelipia hujamwibia mtu. Lakini wale arobaini wanaobaki wanapofeli, tunasema vichwa vyao vizito. Kule zahanati tunapita mlango wa nyuma kwa sababu nesi ni binti yetu wa kiroho, tunatoka mapema, tunawahi shamba. Hatujagusa dawa ya mtu. Na yule aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi akirudi nyumbani bila kuonwa, siku yake ya kazi imekufa, tunamwita mvivu kwa sababu magugu yamemzidi. Sisi wenyewe ndio tunaohesabu nani amevuna, na sisi wenyewe tuko karibu na ndiva. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini mbaya zaidi ni kwamba humpa mwenye njaa sababu za njaa yake, naye huziamini.

Ndiyo maana sadaka peke yake hainitoshi. Bwana Alfajiri angeweza kumpelekea mama yule gunia moja kila mwaka, na picha ikapigwa, na kijitaro kikaendelea. Sisemi msitoe. Toeni. Ila ukimaliza kutoa, tembea pembeni ya maji, fuata kutoka kwako mpaka kwa mtu wa mwisho, uone yanaishia wapi. Pengine yataishia mahali ambapo hukuweka mkono kabisa. Pengine yatakurudisha nyumbani kwako.

Na wewe uliyekaa kule nyuma, karibu na mlango, uliyekuja na viatu vya kuazima ili usionekane, uliyewaambia wanao kwamba wewe ndiwe kosa. Sijui maisha yako yote, wala sitakuambia huna la kurekebisha. Nakuambia tu kwamba jembe lako nililiona, na halikuwa limelala.

Sina zaidi. Huwa tunatoka kwa kuanzia mabenchi ya mbele, na sote tunajua chai pale nje huishia wapi na maandazi huishia kwa nani. Leo tutaanza na benchi la mwisho. Sisi wa mbele tukae tu hapahapa, tusubiri, tuone inavyokuwa.